Siku Mwenyekiti Alipolipokea Jua

Kwee. Kimya. Kwee. Kimya tena. Halafu kwee-kwee-kwekwekwe-kraaa, mlio ukapanda, ukapanda, ukakatika ghafla.

Sogeeni hapa wanangu, na wewe toa mguu kwenye mkeka wa mwenzio. Mlio huo ulisikika kila usiku katika Bonde la Migunga, miaka ile ya nyuma kabisa ambapo wanyama walikuwa na nyumba zenye milango, wakipika, wakifagia nyua zao, wakigombana asubuhi na kupatana kabla uji haujapoa. Ulitoka juu ya jabali, na juu ya jabali walikaa pimbi.

Pimbi mnamjua? Mnyama mdogo, mnene kidogo, masikio mafupi, mkia hana wa kutaja, ukimwona kwa mbali unadhani ni sungura aliyelala vibaya. Bondeni walikuwa kaya chache tu, na majirani zao wote walikuwa wakubwa, wenye pembe, wenye meno, wenye sauti nzito. Kila usiku pimbi mmoja aliita, "Kwee?" yaani, mko wote? Na kutoka kila pango wenzake wakaitika, tupo, tupo. Ni hilo tu, kujuliana hali kabla ya kulala. Bonde zima lilikuwa limeuzoea mlio ule. Bi Swala, aliyekaa chini ya jabali, aliutumia kumbembelezea mtoto. "Lala mwanangu," alikuwa akisema, "pimbi wameshaitana."

Walikuwa na desturi nyingine pia. Alfajiri, kabla ya kula, kabla hata ya kusalimiana, walipanda jabalini wakakaa safu moja, wamefumba macho, matumbo kwa jua, kimya. Waliiita kulipokea jua. Wazee wao waliwafundisha kwamba jua ni mgeni anayeletwa na Mungu kila siku bila kuchoka, na mgeni wa namna hiyo hapokelewi kwa makelele. Mmoja tu ndiye hakufumba macho. Huyo alikuwa wa zamu. Alikaa kileleni akatazama huku na huku, na akiona hatari anapiga ukelele, fyuu, wote wanazama kwenye nyufa za mawe.

Kisha vikaja vita.

Mbwa mwitu wa ng'ambo ya mto walianza kuvuka. Walikuja kwa kundi, wakachukua, wakarudi. Walimchukua mtoto wa Ngiri mchana kweupe, mama yake akiwa anaanika nguo. Watoto wa pundamilia nao wakachukuliwa. Watoto wa Nyati walikimbizwa hadi uani kwao, wakaponea mlangoni. Basi hofu ikaingia kila nyumba, na hofu ikishaingia, wanangu, inaanza kuwasikilizisha watu vitu vipya katika sauti za zamani. Mlio ulikuwa uleule, kwee, kwee. Lakini sasa Bi Swala aliusikia akamfunika mtoto wake masikio.

"Wanamwita nani saa hizi?" alimuuliza mumewe.

"Hata mimi nashangaa."

"Na kule ng'ambo kuna pimbi wengine, kwenye yale mawe. Ni ndugu zao wale."

Kesho yake alikutana na Mkasi kisimani, akapita bila salamu. Mkasi huyu alikuwa pimbi, mama kijana, mtoto wake mmoja wa kike akiitwa Chausiku. Mkasi na Bi Swala waliwahi kubadilishana chumvi, kuazimana kinu, kunyonyesheana mtoto. Siku ile Mkasi alibaki amesimama na ndoo kichwani, salamu iko mdomoni, hana wa kumpa.

Mwenyekiti Nyati akaitisha baraza. Alikuwa na pembe pana kama fremu ya mlango, na tangu vita vianze alikuwa haongei tena, anatangaza.

"Kila nyumba imelizwa," akatangaza. "Nani hajalizwa?"

Watu wakatazamana.

"Pimbi," akasema Kamanda Ngiri. Huyu ndiye aliyekuwa mkuu wa sungusungu. Akikimbia mkia wake husimama wima kama antena ya redio, naye huamini kwamba watu wanausalimu. "Pimbi hawajachukuliwa hata mmoja. Kwa nini? Wana jambo lao."

Mkasi akainuka. Alikuwa anaogopa, nawaambia kweli, msidhani shujaa haogopi.

"Tunaweka mlinzi, Kamanda," alisema. "Wengine wakila, mmoja hali, anatazama. Hata ninyi mkifanya hivyo..."

"Anatazama wapi?"

"Mtoni."

"Na adui anatoka wapi?"

"Mtoni. Ndiyo sababu tunatazama huko."

"Mmesikia wenyewe," Ngiri akawaambia watu. "Na ile asubuhi mnayokaa safu nzima matumbo wazi, mnaelekea wapi?"

"Mashariki, linakotoka jua."

"Adui naye yuko mashariki."

"Kamanda, hilo si kosa la jua."

"Jua nalo tutalichunguza," akasema Ngiri, na hakuna aliyecheka.

Sheria ikatoka palepale. Yeyote atakayeonekana juu ya jabali alfajiri ameelekea mtoni, huyo anampa adui ishara, atupwe katika shimo la zamani la muhanga. Na milango ya pimbi ipakwe udongo mwekundu, ili kila apitaye ajue ni kwa nani. Jioni ileile sungusungu walipita na debe la udongo, pachu, pachu, mlango kwa mlango. Chausiku alidhani ni mapambo. Aliuliza kama wao ndio wana sikukuu.

Mume wa Mkasi aliitwa Kibwana. Alfajiri iliyofuata zamu ilikuwa yake.

"Usiende," Mkasi alimwambia.

"Nisipokwenda, nani atawaona mbwa wakija?"

"Wanasema unawaita."

"Basi wasikilize vizuri," akasema, akatoka.

Hakufika mbali. Sungusungu walipanda kwa nyuma, gunia kichwani, gubigubi, wakambeba kama kiazi wakamtumbukiza shimoni, na Kifaru akawekwa kulinda.

Mchana wake Nyati akatangaza tena. Kesho, jua likichomoza, bonde zima likutane chini ya jabali. Pimbi wote, wakubwa kwa wadogo, watavushwa mto wakaishi na rafiki zao. Rafiki zao, ndivyo alivyosema. Ng'ambo yenyewe ilikuwa imejaa mbwa mwitu, na mtoto wa pimbi kwa mbwa mwitu ni tonge moja.

Mkasi akachukua kibakuli cha chakula, akaenda shimoni. Kifaru alimnusa kwanza, maana macho yake ni mabovu, kisha akampisha. Mkasi akainama ukingoni.

"Umelala?" aliuliza.

"Kuna mawe," Kibwana akajibu toka chini. "Sisi mawe tumeyazoea."

"Wamekupiga?"

"Kidogo. Mkasi, Ngiri alikuja. Anasema nikisimama mbele ya watu nikaligeuzia jua mgongo, nikasema kulipokea jua ni upuuzi wa wazee wetu, nitatoka leo."

"Tutatoka wote?"

"Mimi peke yangu."

"Ukamjibu nini?"

"Kwanza nilimwomba maji. Koo lilikuwa limekauka, sikutaka jibu litoke dogo."

"Halafu?"

"Nikamwambia hapana."

Mkasi akaushika ukingo kwa mikono miwili. Alitaka kumtukana, alitaka kumkumbatia, na shimo lilikuwa refu kwa yote mawili.

"Mwanamume mjinga wewe," akasema mwishowe.

"Umekasirika?"

"Nimekasirika. Kula."

Alipojifuta uso na kusimama, alikuta Kifaru amesogea karibu, kichwa kimeinama, kama mtu anayetaka kuazima kitu.

"Mama Chausiku," Kifaru akanong'ona, na mnong'ono wa Kifaru unatikisa majani. "Mwanao usiku analala?"

"Analala fofofo, Afande."

"Wangu halali. Jani likidondoka analia. Mama yake halali, mimi silali." Akasogeza sikio. "Wenu analalaje?"

Hapo ndipo Mkasi alipopata wazo, wanangu. Lilimjia kwa mkupuo, na lilimtisha kuliko shimo. Wakubwa hawa walikuwa wamesema pimbi wana jambo lao. Basi waachwe walitafute.

"Afande," akasema taratibu, "mimi ni mama wa nyumbani tu. Ninyi ndio mliosema barazani kwamba tuna jambo letu."

"Kwa hiyo lipo."

"Mimi ni nani nimbishie mwenyekiti?"

Kifaru akatazama kushoto, akatazama kulia, ingawa hata angekuwapo mtu asingemwona. "Mtu mkubwa kama mimi anaweza kulifanya?"

"Jua halimpimi mtu kilo."

"Nifanyeje? Sema upesi."

"Kesho kabla hapajapambazuka, panda jabali kwa njia ya nyuma. Kaa, fumba macho, tumbo mbele. Usifumbue mpaka joto likufike kitovuni. Usiseme neno. Ukisikia kitu kinapumua karibu yako, usikijali."

"Na shimo nimwachie nani?"

"Mwachie aliyemo. Angetaka kutoka, angeshatoka kwa maneno ya Ngiri."

Kifaru akafikiri. Ilimchukua muda, lakini akaona ni kweli.

Mkasi aliporudi alikuta mlango wake mwekundu umekauka na kupasuka. Hakuugusa. Alichukua ufagio akapanda juu, mahali pale pa kulipokea jua, akaanza kufagia, shwaa, shwaa. Ngiri akatokea, anakagua.

"Unafagia nini na kesho unaondoka?"

"Ndiyo maana nafagia. Atakayekuja hapa baadaye asiseme pimbi walikuwa wachafu."

Ngiri akataka kucheka, kicheko hakikutoka. Akazungukazunguka, akapiga jiwe teke, akarudi palepale. Mkia ulikuwa umelala.

"Yule aliyebaki," akasema, "yule mwanangu mdogo. Tangu nduguye achukuliwe ananifuata kila mahali. Hata nikienda chooni yuko mlangoni."

Mkasi akaacha kufagia. Akamwonea huruma, na huruma ile ilimuudhi, maana huyu ndiye aliyeleta gunia.

"Weka mlinzi, Kamanda," alimwambia. "Wengine wakila, mmoja asile, atazame. Nakuambia ukweli kama mama."

"Hilo ulilisema barazani. Nataka lile lenyewe."

"Lenyewe ndilo hilo."

"Unanificha kwa sababu nimemfunga mumeo."

"Sikufichi."

"Mama Chausiku, mimi nimekuwa kamanda muda mrefu, mtu akificha najua. Mlinzi ni kazi ya macho, hata mjinga anaweza. Hapa kuna kitu cha ndani."

Mkasi akamtazama. Ukweli ameukataa mara mbili. Basi.

"Kama hilo hulitaka, Kamanda, kilichobaki kwetu ni kulipokea jua," akasema, akamweleza yaleyale, njia ya nyuma, macho, tumbo, kitovu. Ngiri akarudia kila neno kwa midomo kama mwanafunzi, kisha akashuka huku anapiga kelele ili sungusungu wake wasikie, "Kesho mapema, hakuna huruma."

Jioni, Mkasi akiwa anamlisha Chausiku, mlangoni pakabishwa hodi. Sauti nene iliyobanwa puani.

"Karibu," akasema Mkasi.

Akaingia mtu mkubwa aliyejifunika kanga mbili, moja juu ya pembe, nyingine imeshindwa kuzunguka kiuno, kwa hiyo ameishika kwa meno. Dari likakwaruzwa, kwaaa.

"Mimi ni mwanamke mpita njia," akasema mgeni.

"Karibu, shangazi. Kaa hapo, kigoda ni kidogo, utanisamehe."

Kigoda kikalia, tiki, kikavunjika. Mgeni akabaki amekaa chini kama vile alikusudia.

"Mama," akasema Chausiku, "mbona shangazi huyu ana kwato za mwenyekiti?"

"Kula wewe. Shangazi ametoka mbali, kwato zake zimechoka."

Mgeni akakohoa. Akasema amesikia njiani, hakumbuki kwa nani, kwamba pimbi wana jambo linalowalinda watoto. Akasema ana watoto, wanakimbizwa hadi mlangoni, na baba yao, mtu mwenye cheo, usiku anakaa macho nyuma ya mlango na watu hawajui. Aliposema hilo, sauti ya pua ikampotea, ikabaki ya kwake.

Mkasi alijifanya hajasikia tofauti. Akamweleza kila kitu, polepole, kama alivyowaeleza wenzake. Kisha akaongeza, "Lakini shangazi, kuna sheria. Atakayeonekana pale ni rafiki wa adui."

"Hiyo," akasema mgeni, "ni ya watu wengine."

Usiku ule Mkasi aliwaambia pimbi wote neno moja tu: kesho hakuna kupanda, kaeni ndani mpaka niwaite. Wazee walinung'unika. Kuacha kulipokea jua siku ya mwisho, ndiyo heshima gani? Mkasi akawaambia, "Kesho jua lina wageni wapya. Tuwape nafasi." Wakamwona amechanganyikiwa kwa hofu. Na hofu alikuwa nayo, tele. Kama hata mmoja angekosa kuja, kama mmoja angefumbua jicho mapema, asubuhi Chausiku angekuwa mtoni.

Kabla hapajapambazuka, Kifaru akapanda. Kisha Ngiri akapanda. Kisha Nyati akapanda. Giza lilikuwa bado zito na kila mmoja alikuwa amefumba macho tangu nusu ya njia, asije akakosea. Kifaru, aliyekuwa bado anatafuta pa kukaa, alikanyaga mkia wa Ngiri, kwachu, na Ngiri akauma mdomo hadi machozi yakatoka, maana ameambiwa asiseme. Nyati alipokaa, pembe yake ilimchoma Kifaru ubavuni. Kifaru akajua kuna kitu kinapumua karibu yake, akakumbuka agizo, akavumilia. Ngiri alisikia pumzi mbili kubwa, huu, huu, akadhani ni wazee wa pimbi waliokufa, akakunja mikono kwa adabu.

Chini, watu wakaanza kufika. Pundamilia, twiga, Bi Swala na mtoto wake mgongoni, Bi Nyati na watoto wanaopiga miayo. Sungusungu wakapanga mstari na fimbo. Wakamngoja mwenyekiti. Wakamngoja kamanda. Kukaanza kupambazuka.

"Wako wapi?" mtu akauliza.

Jua likachomoza. Likagusa kilele kwanza, kisha likashuka. Na pale juu, mahali palipofagiwa vizuri, walikuwa wamekaa watatu safu moja, wamefumba macho, matumbo makubwa matatu mbele, wameelekea mtoni. Kifaru alikuwa anatabasamu.

Halafu twiga, ambaye kwa kawaida hatoi sauti, alitoa moja, mff. Pundamilia akashika mdomo. Kisha bonde zima likapasuka, kwakwakwa, watu wakaegemeana, sungusungu wakadondosha fimbo.

Watatu wale wakafumbua macho. Ngiri akamwona Nyati. Nyati akamwona Kifaru. Kifaru hakumwona mtu, akauliza, "Joto limeshafika, au bado?"

Bi Nyati hakucheka. Akasogea mbele, kitenge kimekazwa kiunoni.

"Baba Mashaka," akaita, "unampa nani ishara?"

Kicheko kikakoma. Kila mtu alitaka jibu. Nyati akafungua mdomo kutangaza, akashindwa. Akasema kwa sauti ambayo watu hawakuwa wameisikia kwake tangu vita vianze.

"Simpi mtu ishara, Mama Mashaka. Nimekuja kuwaombea watoto."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Bi Nyati akashusha pumzi. Walimwamini, wanangu, mara moja, bila shida.

Hapo Mkasi akatoka pangoni. Alikuwa mdogo pale mbele ya umati ule, hata kwa kivuli kirefu cha asubuhi. Lakini hakurudi nyuma.

"Mwenyekiti ameulizwa swali moja," akasema. "Akajibu. Mkamwamini. Mume wangu alivikwa gunia kabla hajaulizwa."

Akamgeukia Ngiri.

"Kamanda," akaendelea, "sheria inasemaje juu ya aliyeonekana hapo alfajiri?"

Ngiri alikuwa bado amekaa, hajui tumbo lake aliweke wapi. "Sheria ile... ilikuwa ya pimbi."

"Ilisema yeyote."

"Tulimaanisha pimbi."

"Sasa mmesema kweli," akasema Mkasi. "Hamkuogopa kukaa juani. Hamkuogopa kuelekea mtoni. Mliogopa ni nani anayekaa. Kama ni kosa, shukeni muingie shimoni, ingawa Kifaru peke yake hatatosha mule. Kama si kosa, nirudishieni mume wangu."

Bi Swala akawa wa kwanza kusema, kwa sauti ndogo, mtoto mgongoni. "Mrudishieni." Na wengine wakadakia.

Nyati akainamisha pembe. "Afande Kifaru, mfungulie."

Kifaru akaenda mbio, akirudi nyuma mara mbili kwa kupotea njia. Alimkuta Kibwana amekaa chini shimoni, anapangusa kibakuli. Ukingo ulikuwa umeporomoka kwa uzito wa Kifaru mwenyewe alipoondoka, na mtu angeweza kupanda.

"Hukutoroka?" Kifaru akashangaa.

"Nitorokee wapi?" akasema Kibwana. "Kwetu ni hapa."

Alipopita katikati ya watu, mchafu, sikio limevimba, hakuinamisha kichwa. Alipanda jabali, akasimama karibu na Mkasi, na pimbi wote wakatoka mapangoni, wazee kwa watoto, wakakaa safu yao mbele ya bonde zima, wakalipokea jua. Walichelewa siku ile, lakini walilipokea. Na watu wakasubiri, hakuna aliyepiga chafya.

Walipomaliza, Ngiri akajikaza. "Basi kaeni," akasema. "Kumbe mna faida. Mtakuwa walinzi wetu."

"Ulinzi tutafanya pamoja, kila nyumba na zamu yake," akajibu Mkasi. "Lakini hata tungekuwa hatuna faida yoyote kwako, Kamanda, hapa ni kwetu. Na ile milango, aliyeipaka ndiye atakayeikwangua."

Ngiri akaikwangua mwenyewe, kwa meno yake marefu, kwaru, kwaru, mlango kwa mlango, na mwanawe mdogo akimfuata nyuma na ndoo ya maji. Vita havikuisha siku hiyo. Mbwa walikuja tena, lakini safari hii bonde lilikuwa linatazama mto, haliwatazami majirani, na watoto waliwahi kuingia ndani.

Shikeni hili, wanangu: ukimshuku jirani kwa sababu ya namna anavyomwomba Mungu, umempa adui wako wa kweli nafasi ya kupita.

Jioni ya siku ile ya kicheko, watu walipokwisha kutawanyika, Nyati alibaki chini ya jabali, anazunguka, anajifanya anakagua nyasi. Mkasi akamfuata.

"Mwenyekiti, umepoteza kitu?"

"Mama Chausiku." Nyati akatazama pembeni. "Wamenicheka, hilo litapita. Lakini pale juu, nilipofumba macho... nilitulia. Tangu vita vianze sijawahi kutulia hata kidogo. Naomba, kama haiwaudhi, kesho nije tena. Nitakaa nyuma kabisa."

Mkasi alimtazama juu, mbali, hadi kwenye zile pembe. Alikuwa na haki ya kumkatalia, na alilijua hilo, na alimwacha Nyati alijue pia kabla ya kumjibu.

"Uje," akasema. "Ila usiwazibie watoto jua."

"Na tafadhali, usimwambie mtu kwamba mimi naogopa."

Nyuma ya jiwe Kibwana akakohoa.

"Huyu ameshasikia," akasema Mkasi. "Lakini nakuahidi, jirani, sitamwambia mtu mwingine."